Helmeti ya Baba Griffin

Siku hiyo Lois aliamka akiwa amechoka tayari. Hakuwa ameshika jembe, maji hakuwa ameteka, jiko lilikuwa bado baridi, lakini viungo vilimuuma kama vya mtu aliyetoka safari. Alikaa ukingoni mwa kitanda akamtazama mumewe akifunga kamba za viatu. Helmeti ilikuwa kichwani, kioo kimeshushwa, ndani ya nyumba, hata kuku hawajafunguliwa.

"Baba Griffin, chai hujanywa."

"Nitakunywa huko mbele."

Hakukuwa na chai ya huko mbele. Mtu hanywi chai na kioo kimeshushwa, na tangu mvua zilipokatika mumewe, Hudson, hakuwa amekipandisha kioo kile mbele ya watu, isipokuwa mbele ya mkewe na mama yake mzazi, tena jioni, taa ikiwa imewekwa mbali.

Kisa chenyewe kilianza na upepo. Hudson alikuwa amempeleka mteja Ozi, akarudi kwao Golbanti alfajiri kando ya mto, baridi ikimpiga shavu la kushoto njia nzima, maana siku hizo alivaa ile helmeti yake ya zamani isiyo na kioo. Akalala vizuri. Alipoamka akapiga mswaki, maji yakamtoka pembeni mwa mdomo yakamwagikia shati. Lois akacheka. Alidhani ni utani, kwa sababu Hudson alikuwa mtu wa utani, wa kuigiza walevi na wahubiri. Kisha akamtazama vizuri, kicheko kikamkatikia. Upande wa kushoto wa uso ulikuwa umelala. Nyusi haiinuki, jicho halifungi, linatoa machozi lenyewe bila kilio, na mdomo umevutwa kulia kama wa mtu anayetaka kumnong'oneza aliyesimama kando yake.

Muuguzi wa zahanati alisema ni mshipa wa uso umelala, utaamka wenyewe, ila hautaki haraka. Akampa vidonge. Akamwambia atafune chingamu upande huo na apulize puto kila siku. Mama mkwe alisema ni kitu cha mtoni kimempiga kofi. Wazee wa kanisa walikuja wakaomba, wakanywa chai, wakaenda. Lois alikwenda dukani kununua maputo, muuzaji akamuuliza ni nani anatimiza mwaka. Lois akasema ni mume wangu. Na kweli kila jioni nyuma ya nyumba Hudson alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa akipuliza puto jekundu, upepo ukimtoka pembeni, puto likikataa kujaa.

Ndipo aliponunua helmeti ya kufunika kichwa chote, yenye kioo cheusi. Akaingia ndani yake, hakutoka tena. Aliendesha nayo, alikaa nayo kwenye steji ya bodaboda ya Garsen chini ya jua kali, wateja aliwajibu kwa kutikisa kichwa, kwa kuwa maneno nayo yalikuwa yamelegea. Yale yanayotaka midomo ikutane yalivuja. Wenzake mwanzoni walidhani ni mtindo mpya. Baadaye wakadhani ni majivuno. Baadaye zaidi wakaacha kusema walichodhani, na hapo ndipo pabaya.

Kilichomchosha Lois hakikuwa uso. Uso ule alikuwa ameuzoea. Kilichomchosha ni milango. Wezi waliovaa helmeti walikuwa wameingia duka moja la simu pale mjini, na tangu hapo kila duka lilibandika karatasi: vua helmeti kabla ya kuingia. Benki nayo ikaweka meza ya helmeti nje ya mlango, na askari wa kuilinda. Basi kila kitu cha chini ya paa kikawa cha Lois. Yeye ndiye aliyeingia kununua plagi, cheni, kebo ya klachi, Hudson amesimama ng'ambo ya barabara kama mlingoti. Yeye aliyeulizwa na wauzaji, "Ya pikipiki gani, mama?" akatoka nje kuuliza, akarudi ndani kujibu, akatoka tena. Alikuwa ameolewa na mwendesha bodaboda, sasa akawa fundi bila kupenda.

Mlango mmoja tu ndio uliomkataa, na huo ndio uliokuwa na kila kitu chao.

Pikipiki waliinunua kwa mkopo wa benki. Walimaliza kulipa tangu mavuno, ikabaki Hudson kwenda kuchukua logbuku yake, hati ya umiliki iliyokuwa imeshikwa na benki. Hakwenda. Leo kesho, leo kesho, mpaka polisi wa barabarani wakamsimamisha Minjila, wakamuuliza karatasi za pikipiki, hana. Wakaichukua. Walimwambia kwa upole kabisa: lete logbuku, utapewa chombo chako, usipoleta, mwisho wa mwezi tunapiga mnada zote zisizo na mwenyewe. Na mwezi ulikuwa umebakia siku za kuhesabu kwa vidole.

Lois alikwenda benki peke yake. Wakamwambia mwenyewe aje. Wakaenda pamoja, Hudson akafika kwenye ile meza, akasimama, akageuka. Wakaenda tena, akafika, akageuka. Na hivi sasa alikuwa mtu wa bodaboda asiye na boda, anayetembea kwa miguu mjini na helmeti kichwani. Watoto wa Garsen walimfuata wakiguruma kwa midomo.

"Leo ukigeuka," Lois alimwambia asubuhi hiyo akimfunga Griffin kanga ili amwachie bibi yake, "mimi sigeuki na wewe. Nitakaa pale pale."

Helmeti ilitikisika. Haikujulikana kama ni kukubali au ni kumridhisha tu.

Walimkuta Jarso njiani, ameleta mteja Golbanti na anarudi mtupu. Jarso alikuwa kijana wa Kiorma wa steji moja na Hudson. Zamani walikuwa wakigawana sigara moja na helmeti moja ya abiria.

"Shemeji Lois! Hujambo?" Jarso alifunga breki, vumbi likawapita. "Na wewe, mtu wa mwezini, hujambo? Huko juu mvua iko?"

Hudson aliinua mkono.

"Haongei. Shemeji, huyu anakula na wapi?"

"Tubebe, Jarso. Tunakwenda benki."

"Nabeba. Mimi sijakataa." Jarso alisogea mbele kwenye kiti. Walipokwisha kukaa, Lois katikati, akageuza kichwa akasema polepole, kama anayemwambia Lois peke yake ingawa Hudson alikuwa nyuma ya Lois, anasikia: "Kwa steji watu wanasema serikali imempa kazi. Ya kusikiliza sisi."

"Nani?"

"Huyu. Mtu anakaa na watu, uso hataki kuonyesha, maneno hataki kusema, masikio tu iko. Hiyo ni kazi gani?"

Lois alingoja Hudson aseme neno. Yeye mwenyewe alitaka kusema, lakini alikuwa ameapishwa na mumewe, tena akiwa na Biblia mkononi, kwamba hatamwambia mtu. Kwa hiyo wakaenda. Mashamba ya mpunga yakapita, vichaka vya mathenge vikapita, ng'ombe wa watu wakavuka barabara taratibu wakiwatazama, na kati ya migongo miwili Lois alihisi usingizi.

Jarso aliwashusha mbele ya benki, akasema anakwenda kutia mafuta, wakimtaka yuko pale kituo cha petroli. Akaondoka bila kumtazama Hudson.

Mlangoni palikuwa na foleni fupi ya watu na foleni ndefu ya helmeti. Zilikuwa zimepangwa juu ya meza, nyekundu, bluu, moja imefungwa kwa mpira wa baiskeli, nyingine ina picha ya simba amefifia. Askari wa mlango, mzee Dzombo, Mgiriama mwenye masharubu meupe, alikuwa akisema maneno yale yale tangu mlango ufunguliwe.

"Vua, bwana. Weka pale."

"Mzee, nachukua karatasi moja tu, natoka."

"Hata kama ni nusu karatasi. Vua."

"Na mama huyu mwenye buibui, mbona humwambii avue?"

"Mama huyu mkaguzi wake ni mwanamke, yuko ndani. Wewe nikuitie mwanamke?"

Watu wakacheka. Kijana akavua, nywele zimelala kwa jasho, akaweka, akaingia.

Hudson alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, pale pale aliposimama siku zote. Lois alivuka peke yake, akashika foleni kwa ajili yake. Foleni ikasogea. Ikasogea tena. Alipobakisha mtu mmoja mbele, akageuka akamwita kwa mkono. Hudson akavuka. Akafika kwenye meza. Mikono ikapanda mpaka kwenye kamba ya kidevu, ikakaa hapo.

"Vua, bwana," Dzombo alisema. "Weka pale."

Mikono ikashuka.

"Mama Griffin," sauti ilitoka ndani ya helmeti, nzito. "Twende. Tutakuja kesho."

Lois alimtazama. Hakuona kitu ila yeye mwenyewe kwenye kile kioo cheusi, mdogo, kitambaa cha kichwa kimepinda. Alitafuta hasira ndani yake, hakuipata. Alitafuta maneno ya kubembeleza, yale ya kila siku, nayo yalikuwa yamekwisha, kama sukari inavyokwisha ndani ya mkebe ukabaki ukikwangua. Akatoka kwenye foleni, akaketi kwenye ngazi ya benki, akanyoosha miguu mbele yake.

"Nenda," alisema.

"Na wewe?"

"Mimi nimechoka, Hudson." Hakuwa akimwita jina lake mara nyingi. "Sikukasirikii. Hata sikulaumu. Nimechoka tu. Nenda, mimi niache hapa nipumzike."

"Simama, watu wanatazama."

"Na watazame. Mimi ndiye wanayemtazama kila siku. Wewe unatazamwa na nani? Wewe unatazama."

Dzombo akakohoa. "Bwana," alisema, na sauti yake haikuwa ya amri tena, "huko nyuma yako kuna watu. Ama uvue ama upishe. Mimi sina ubaya na wewe, mguu wangu unaniuma tangu asubuhi."

Hudson hakuondoka. Lois hakumtazama, alitazama miguu yake mwenyewe, vumbi lililokauka mpaka kwenye vifundo. Akasikia kamba ikifunguka. Akasikia ile sauti ya sifongo ikiachana na masikio. Alipoinua macho helmeti ilikuwa juu ya meza, kando ya ile yenye simba, na mumewe amesimama mchana kweupe, uso umepauka kama mguu uliotoka kwenye bandeji, jicho la kushoto limekodoka, mdomo umekwenda zake kulia.

Lois alingoja dunia ianguke.

"Weka ndani zaidi," Dzombo alisema, "isije ikaanguka. Haya pita. Wa pili."

Basi. Hakuna aliyepiga kelele. Mwanamke mmoja alimtazama, akatazama pembeni, akarudi kuitazama simu yake. Ndani feni ilizunguka polepole na watu walikuwa wamekodolea macho ubao wa namba kama waliofishwa ganzi, kila mmoja ana shida yake. Hudson aliketi na kichwa chini. Lois akamfuata akaketi kando yake, upande wa kushoto, akampa kona ya kanga apanguse machozi ya lile jicho.

"Umeona?" alimwambia. "Hata hawakusimama kukutazama."

"Roho zao ndizo zilizosimama."

Lois akacheka kidogo. Ulikuwa utani wa kwanza tangu mvua.

Namba yao ilipoitwa walikwenda kwa binti aitwaye Ruwaida. Jina lilikuwa kifuani. Alikuwa na hina iliyofifia kwenye kucha na macho mekundu ya mtu aliyetazama mashine sana. Alipokea kitambulisho, akaandika, akasema mkopo umekwisha kweli, hongera, logbuku ipo. Lois akanyoosha mkono kuipokea.

"Limebaki jambo dogo," Ruwaida alisema. Akainua simu pana kama sahani ya chapati, akaielekeza kwa Hudson. "Mashine ikuthibitishe. Angalia hapa. Vizuri. Sasa pepesa macho."

Hudson akapepesa. Jicho la kulia likafunga na kufungua. La kushoto likabaki linamtazama Ruwaida.

Mashine ikalia tit.

"Pepesa yote mawili, kaka."

"Hilo halifungi," Lois alisema.

"Basi inaomba tabasamu. Tabasamu kidogo."

Hudson akatabasamu. Shavu la kulia likapanda peke yake, la kushoto likakaa kitako. Tit. Ruwaida akaishusha ile simu, akatazama picha ya kwenye kitambulisho: kijana mwenye uso wa duara, amebana midomo asicheke mbele ya mpiga picha wa serikali. Akamtazama Hudson. Akatazama tena picha.

"Inasema si wewe."

"Ni mimi."

"Mimi naona ni wewe. Namaanisha, naona inawezekana. Lakini mashine ndiyo inayofungua. Inataka kujua uliye mbele yake ni mtu hai, si picha."

"Huyu ni mtu hai," Lois alisema. "Amekula wali wangu jana."

Nyuma yao mtu akaguna, mwingine akauliza kwa sauti wanashonwa nguo au nini. Hudson akaanza kuinuka. Lois akamshika shati. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya nje ya chumba chao: akanyoosha kidole, akakiweka juu ya kope la kushoto la mumewe, akalishusha taratibu, kama anavyolishusha kila usiku apate kulala.

"Piga sasa," alimwambia Ruwaida.

Ruwaida akainua simu. Tit. "Imeona kidole," alisema kwa sauti ndogo. "Samahani, dada. Imekataa kidole."

Ruwaida akasugua macho yake. "Kuna njia nyingine," alisema. "Mteja wetu anayemjua. Mwenye akaunti hapa. Aje amtazame usoni, aseme ni yeye, aweke kidole chake kwenye mashine. Mkuu wetu atakubali."

"Mimi namjua."

"Wewe ni mke. Mke hahesabiki."

"Uso huu naupaka mafuta kila usiku, halafu sihesabiki?"

"Si mimi, dada. Ni utaratibu."

Lois akatoka nje. Alipita karibu na ile meza bila kuitazama, akavuka mpaka petroli. Njiani alijiambia kwamba kiapo chake kimekwisha; aliyekiomba ameshauweka uso wake wazi mbele ya benki nzima. Jarso, ambaye naye alikuwa na akaunti benki ile ile, alikuwa amekaa juu ya pikipiki kivulini, shavu limejaa majani ya muguka.

"Jarso, njoo benki. Hudson anataka mtu wa kusema ni yeye."

"Mimi?" Jarso alitema. "Mimi siwezi sema ni yeye. Mimi najua helmeti."

"Utamwona."

"Amevua?"

"Njoo tu, ndugu yangu. Nimechoka kusema."

Labda ni ile sauti. Jarso akaja. Mlangoni Dzombo akamwambia avue, Jarso akasema hata mimi, Dzombo akasema hasa wewe. Akaingia ndani, akafika kwenye dirisha la Ruwaida, akatazama huku na huku, akatazama juu ya kichwa cha Hudson, akatazama viti vya nyuma.

"Yuko wapi?" aliuliza.

Hudson alikuwa mbele yake, mkono ungemfikia.

Lois aliona maneno yale yakimwingia mumewe. Muda huu ndio aliouogopa Hudson miezi yote, si wa kuchekwa. Wa kutazamwa na mtu wa sigara moja naye asionekane. Naye Lois hakuwa na kanga ya kutosha kuufunika.

"Jarso," Hudson alisema.

Jarso akageuka. Alimtazama. Akainama kidogo, akamtazama kutoka chini, kama mtu anayekagua ng'ombe mdomo. Muguka ukasimama shavuni.

"Wewe?"

"Mimi."

"Nini imekupiga?"

"Upepo."

Ruwaida alikuwa amekwisha kuandaa ile simu. "Kaka, unamjua huyu? Ni Hudson mwenyewe?"

"Ngoja," Jarso alisema, mkono juu. "Mimi namjua. Lakini muulize yeye kwanza, ananijua mimi? Napiga honi, yeye hapana. Namwita, yeye anatikisa kichwa kama punda. Mama yangu amekufa. Steji yote imekuja kwetu, Wapokomo, Wagiriama, mpaka fundi wa pancha amekuja. Yeye hakuja. Sasa leo namjua kwa nini?"

Watu waliokuwa wakiguna waliacha kuguna. Ruwaida akashusha macho kwenye mashine yake. Lois alijua Jarso akitoka pale bila kuweka kidole, pikipiki imekwenda. Hawakuwa na mtu mwingine mwenye akaunti, hawakuwa na siku nyingi, na Hudson asingeuvua tena uso wake kwa mtu.

"Nilikuja," Hudson alisema.

"Ulikuja wapi?"

"Mazishi. Nilisimama kule barabarani, kwenye mathenge. Mpaka mkamaliza." Maneno yalivuja pembeni mwa mdomo, akayapangusa kwa mkono wa shati, akaendelea. "Nisingeingia na helmeti kwenye kilio cha mama yako. Na kuivua sikuweza."

Jarso alikodoa macho. Kisha akashika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Yule mtu? Mweusi hapa kichwani, amesimama kama nguzo ya stima? Yule ni wewe?"

"Ni mimi."

"Wallahi! Wazee wetu walitaka kukimbia! Wamesema serikali imetuma mtu kuhesabu sisi. Mzee Abdirizak amesema tusiongee siasa mpaka aende. Tumezika mama kimya kimya, kwa sababu yako!" Na akaanza kucheka, kicheko cha mtu ambaye hakutaka kucheka, machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja. "Mjinga wewe. Mama yangu alikuwa anakupa maziwa. Ungeingia na hiyo helmeti, nani angekufukuza?"

"Sikujua."

"Na kama ungekuja mapema, tungekuchoma na chuma hapa nyuma ya sikio. Mjomba yangu alikuwa hivyo. Siku tatu, amepona."

"Ndiyo maana sikuja," Hudson alisema.

Jarso akampiga bega. Akamgeukia Ruwaida, akanyoosha kidole gumba. "Andika. Ni yeye. Uso imekwenda kidogo, ujinga iko pale pale."

Mashine ikapokea kidole cha Jarso mara ya pili, baada ya kukifuta grisi kwenye suruali. Ruwaida aliingia ndani, akakaa sana, akatoka na bahasha ya kaki. Hudson akaifungua, akaisoma ile karatasi yote mpaka namba za chini. Lois hakuomba aione. Alikuwa akitazama feni.

Nje jua lilikuwa la utosi. Jarso alisema twende kituoni sasa hivi kabla wakubwa hawajatoka kula. Lakini hawawezi kwenda polisi watu watatu juu ya pikipiki moja, watalala huko.

"Nendeni," Lois alisema. "Mimi nitawangoja hapa."

Hudson alichukua helmeti yake mezani. Aliigeuza mikononi. Lois alingoja aivae, na hakuona vibaya. Lile jicho lisilofunga lingepata vumbi njia nzima. Badala yake akampa yeye.

"Kaa nayo. Huko nako watanivua tu."

Akavaa ile ya abiria ya Jarso, nyekundu, isiyo na kioo, iliyombana masikio. Akaliziba jicho la kushoto kwa kiganja. Pikipiki ikaondoka, Jarso akipiga honi bila sababu, na pale steji Lois aliwaona vijana wakigeuka mmoja mmoja, kisha wakisimama. Mmoja akaita jina. Hudson akainua ule mkono mwingine. Kisha lori la mchanga likapita, hakuwaona tena.

Akarudi kwenye ngazi ile ile, akaketi. Angengoja saa moja, angengoja mbili. Polisi wana mambo yao. Labda pikipiki ingetoka leo, labda wangeambiwa mkubwa amesafiri. Uso nao ungeamka ukitaka. Watu waliingia na kutoka, kila aliyetoka alimtazama, mwanamke aliyeketi chini na helmeti mapajani, wengine wakamsalimu, mmoja akamuuliza kama anauza.

Lois aliitazama ile helmeti. Akaitia kichwani. Ilinuka jasho la Hudson, mafuta ya taa na chingamu. Akashusha kioo.

Garsen ikawa nyeusi na baridi. Kelele za lori zikaenda mbali. Watu walipita, wakamtazama, na hakuna aliyemwona. Angeweza kukunja uso, angeweza kulia, angeweza kufungua mdomo wazi kama mtoto. Akapiga miayo mirefu, mpaka taya likalia. Kumbe huku ndiko alikokuwa Hudson, alifikiri. Akaegemeza kichwa ukutani.

Kivuli kikasimama mbele yake. Mzee Dzombo aliinama, akagonga kioo kwa ukucha.

"Mama. Unajua sheria ya hapa."

"Siingii ndani, mzee," Lois alisema, na sauti yake ikamrudia masikioni. "Siingii popote. Niache nilale kidogo."

Dzombo akamtazama, akatazama mlango wake, akahamisha uzito wake kutoka kwenye mguu unaouma kwenda kwenye mwingine.

"Basi sogea huku," alisema. "Hapo jua linakuja."